Siku Zisizojumlishwa

Pwani ya Kunduchi, vyombo vikirudi asubuhi, hesabu hufanywa mchangani. Mafuta hukatwa kwanza. Mwenye chombo hutengewa fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliokwenda baharini. Mgao ukiwa mdogo, kila mtu ameona kwamba samaki walikuwa wachache. Ukiwa mkubwa, kila mtu ameona pia. Jua likipanda hakuna anayemdai mwenzake. Aliyechoka kesho haendi, chombo kitapata mtu mwingine. Kazi ilizaliwa na siku, ikafa na siku.

Upande wa bara, kwenye machimbo, kuna wanaogonga kokoto kwa nyundo na kupimiwa kwa ndoo. Ni ujira mgumu. Vumbi la mawe halitoki kifuani kwa maji ya jioni. Hata hivyo ndoo ina bei, na aliyeijaza aliijua bei hiyo kabla hajakaa chini ya turubai lake.

Nimeanza na bahari na mawe kwa sababu sitaki kuutukana ujira wa siku. Una heshima yake. Umelisha nyumba nyingi za Mtongani na Tegeta, na umelea watu ambao leo wanaitwa waheshimiwa. Ujira wa siku ni wa haki pale kazi yenyewe inapokwisha siku ile.

Sasa tazama kazi ya tatu. Kabla hakujapambazuka vizuri, ukipita barabara ya Bagamoyo, utawaona wenye koti la riflekta na ufagio wa chelewa wakisukuma mchanga kandokando ya lami. Ukiingia katika ofisi ya umma saa moja na nusu asubuhi, sakafu imekwisha kupigwa deki. Shuleni kuna mlinzi aliyekesha. Zahanati ina mtu aliyetupa taka ambazo wengine hawataki hata kuzitazama. Wengi wao wanalipwa kwa siku. Lakini barabara ilikuwa na mchanga jana, ina mchanga leo, na kesho itakuwa nao. Zahanati haijawahi kuwa na siku isiyo na uchafu. Kazi hii haifi na siku, anayekufa na siku ni mfanyakazi katika daftari la mwajiri wake, kisha kesho yake anafufuliwa kwa saini.

Kazi ya miaka ikilipwa kwa siku, kuna kitu hakilipwi. Kitu hicho ni miaka.

Nina jirani, mama wa makamo. Sitamtaja jina wala ofisi yake. Ametimiza miaka kumi na moja ya kupiga deki katika jengo moja la umma. Katika ukumbi ule ule yuko mwenzake wa kudumu, mwenye cheki namba. Wanashika ndoo zinazofanana, wanakamua tambara kwa namna ile ile, na kwa kuwa yule wa kudumu ana mgongo mbovu, jirani yangu humsaidia ngazi za juu. Hawagombani. Mara nyingi wanakula pamoja. Tofauti yao haionekani mpaka mmoja wao aumwe.

Mwenye cheki namba akiumwa, mshahara unaingia. Jirani yangu akiumwa, siku imepotea, na siku ya pili hofu yake inakuwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu nafasi yake ni pengo ambalo mtu yeyote anaweza kulikalia. Mwenzake ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Alipojifungua alipewa siku 84 zenye malipo, kama sheria inavyotaka. Jirani yangu, kwa mtoto wake wa mwisho, alirudi kazini wiki ya nne, mtoto akiachwa kwa bibi yake na uji mwepesi. Wala hakulalamika. Watu waliozoea kukosa hujifunza kusema taratibu.

Mei Mosi ya mwaka 2025, pale Singida, Rais alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi, kuanzia Julai. Ilikuwa habari njema na watu walishangilia kwa haki. Gawanya 500,000 kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 19,230 kwa siku. Jirani yangu hupokea pungufu ya nusu ya hiyo, kwa ukumbi ule ule. Na kwa kuwa Mei Mosi ni sikukuu na ofisi hufungwa, siku ya wafanyakazi kwake ni siku isiyo na ujira.

Ukiuliza kwa nini, utaelezwa kwa upole, na anayekueleza huwa hana ubaya. Nafasi haimo kwenye ikama. Kibali cha ajira hakijatoka. Fungu la mishahara la serikali haliwezi kumlipa asiye na kibali, kwa hiyo vibarua wanalipwa kutoka mapato ya ndani, au kutoka fungu la matumizi mengineyo. Nimelifikiria sana fungu hilo. Humo ndimo mnamolipiwa karatasi, dizeli ya gari, umeme, wino wa mashine ya kuchapa. Mtu akilipwa kutoka fungu la vitu, bajeti ikipungua hukatwa kama vitu. Hakuna aliyekaa akaamua kumdhalilisha. Ni mpangilio wa daftari tu, lakini daftari likimweka mtu mahali pa karatasi kwa miaka kumi, wanaolishika huanza nao kumwona hivyo.

Jina lake lenyewe lina historia. Kibarua ni barua ndogo. Katika pwani hii, zamani, mtumwa aliyekodishwa nje kwa kazi ya siku alikwenda na cheti, na jioni sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana. Utumwa ulikwisha, cheti kikabaki, na baadaye kikageuka kuwa mtu: kibarua ndiye mwenyewe sasa. Wakati wa wakoloni, katika mashamba ya mkonge, kibarua wa Tanganyika alishika kipande, yaani kadi ya siku 30. Siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, na ujira haukutoka mpaka alama 30 zitimie, hata kama zilimchukua wiki sita. Leo mtu akipoteza kazi tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Lugha inajua mambo mengi kuliko sisi tunaoisema: nyasi huota haraka pale ambapo hakuna msingi.

Wala si mara ya kwanza kwa mji huu kuulizwa swali hili. Mwaka 1939 vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Walikuwa watu wa siku, waliopangwa mstari asubuhi na kuchaguliwa kwa macho. Walitaka ujira uongezwe, na walitaka pia mtu anayeumia kazini asiachwe mikono mitupu. Hawakufanikiwa. Bandari iligoma tena mwaka 1943, na Septemba 1947 mgomo uliruka ukuta wa bandari ukaifuata reli hadi bara. Baada ya hapo wakubwa walianza kuelewa jambo ambalo kibarua alilielewa siku zote, kwamba meli huja kila juma, na aliyezoea kupakua si sawa na aliyeokotwa getini. Mombasa, katika miaka ya 1950, wenye bandari walianza kuwasajili vibarua wao na kuwataka watu wale wale warudi. Haikuwa huruma. Walikuwa wamehesabu hasara.

Hapa ndipo penye uzito, na nisingependa kupapita mbio.

Ujira wa siku katika kazi ya kudumu huwabadilisha watu wote wanaouzunguka. Kibarua hujifunza kupendeza. Humbebea msimamizi mkoba, hucheka mzaha usiochekesha, hukubali kuosha gari la mtu siku ya mapumziko, kwa sababu hajui ni nani atakayeulizwa kesho kama aendelee. Msimamizi naye, hata kama ni mtu mwema, hujikuta ana mamlaka ambayo hakuna sheria iliyompa: mwenye kalamu ya daftari la mahudhurio ndiye mwenye chakula cha watu. Ni wachache wanaopewa kalamu ya namna hiyo wakabaki walivyokuwa. Na yule wa kudumu, akiona kuna mtu asiyeweza kukataa, polepole humwachia ngazi, kisha choo, kisha ndoo yote. Hakuna kati ya hawa watatu aliyezaliwa mbaya. Waweke katika nafasi hizo miaka mitano, nafasi zitawafundisha.

Lakini haki haina upande mmoja, na anayetaka kushauri lazima aseme pia lile lisilompendeza anayemtetea. Hakika ya kesho nayo ina ugonjwa wake. Sote tumewahi kusimama dirishani tukimsubiri mtumishi wa kudumu amalize mazungumzo ya simu. Aliye na hakika ya kesho huweza kuilalia leo. Ukimpa kila kibarua hakika hiyo bila kipimo, huenda ukapata wawili wanaozungumza kwa simu, na ukumbi usio na mpigaji deki.

Liko la pili, zito zaidi. Vibarua wengi huingiaje? Mara nyingi kwa kujuana. Dada wa karani, mtoto wa mpangaji, mtu aliyemsaidia mtu. Nje ya lango wako vijana wenye vyeti, waliotuma maombi kwenye Sekretarieti ya Ajira, wakafanya usaili mara tatu, mara nne, wakarudi nyumbani kwa miguu. Ukisema leo kila aliyeingia kwa mlango wa uani apewe kiti cha mbele, umewafundisha watu wote kwamba mlango wa uani ndio mlango. Kesho ofisi zitajaa vibarua wa kupandwa, kila mmoja akisubiri kukomaa.

Na la tatu. Ujira ukipanda ghafla, idadi ya wanaolipwa huweza kushuka. Mwaka 1962 serikali changa ya Tanganyika iliweka kima cha chini cha mshahara. Lilikuwa jambo la heshima. Miaka iliyofuata, mashamba ya mkonge yalipunguza watu, na bei ya mkonge iliposhuka yakapunguza zaidi. Waliobaki walilipwa vizuri kuliko kipande. Walioachwa hawakuwa na kipande chochote.

Majaji wa India walikutana na fundo hili hili, kwa watu wa siku wa serikali zao. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilisema kwamba aliyeingia bila ushindani wa wazi hana haki ya kudai kudumu kwa sababu tu amekaa sana; lakini ikaagiza kwamba waliotumikia miaka 10 au zaidi katika nafasi halali wafikiriwe, mara moja hiyo. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo ikasema jambo jingine, lenye uzito wake: wa muda anayefanya kazi ile ile ya wa kudumu alipwe walau mshahara wa kuanzia wa kada hiyo. Yapo maswali mawili, na yakichanganywa hakuna linalojibika. Nani adumu? Hilo linahitaji lango, ushindani, ikama, subira. Nani alipwe nini kwa deki aliyokwisha kuipiga? Hilo halihitaji kusubiri lolote, kwa maana sakafu tayari inang'aa.

Kosa letu ni kwamba tunalijibu la pili kwa majibu ya la kwanza. Tukiulizwa kwa nini jirani yangu analipwa pungufu ya nusu, tunasema hana kibali. Lakini kibali ni habari ya kukaa kwake, si ya jasho lake. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu, bila ubaguzi, anastahili ujira unaolingana na kazi yake. Inataja kazi. Haitaji kibali.

Sheria zetu si kimya pia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeweka ishara za kumtambua mwajiriwa, na mojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jirani yangu humaliza saa hizo katika wiki moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inasema aliye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo, lakini anayerudi rudi kwa mwajiri yule yule, na siku zake zikazidi miezi sita ndani ya mwaka, likizo ni haki yake. Aliyeandika hayo alijua tabia za watu. Alijua kwamba penye mstari wa miezi sita kutakuwa na mwajiri atakayemsimamisha mtu mwezi wa tano, ampumzishe wiki mbili, kisha amwite tena. Majirani zetu wa Kenya waliandika wazi zaidi: Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi, au akiwa katika kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, kazi yake inageuka kuwa ya mkataba wa mwezi. Kuandika, bila shaka, si kutimiza. Huko huko Kenya walimu wanagenzi wa sekondari msingi walifundisha darasa zima kwa shilingi 20,000 za kwao kwa mwezi, hadi mahakama na migomo ya mwaka 2024 ilipowasogeza kwenye ajira ya kudumu mwanzoni mwa 2025.

Kwa upande wetu kuna mlango unaoumiza watu wa umri wa jirani yangu. Tangu Mei 2004, kuingia katika utumishi wa umma kunadai cheti cha kidato cha nne. Kwa karani, sawa. Kwa mtu ambaye amepiga deki miaka kumi na moja na hakuna siku sakafu ilimshinda, cheti kinapima nini? Ningeona busara nafasi hizo zitangazwe wazi, vijana na wazee washindane, na miaka ya kazi ihesabiwe kama cheti. Mwenye kujua ajionyeshe kwa kujua. Aliyeingia kwa kujuana na hajui kazi atashindwa mbele ya watu, na lango litabaki lango. Na wakati lango linasubiriwa kufunguliwa, ujira wa siku ulingane na wa mwenzake aliye ukumbi mmoja naye, ugawanywe kwa siku 26, na michango yake ipelekwe kwenye mfuko wa pensheni.

Hili la mfuko ndilo linaloninyima usingizi. Ujira mdogo unauma leo, na mtu huuona. Pensheni isiyochangiwa haiumi mpaka nguvu ziishe. Kwa mifuko yetu, kupata pensheni ya uzee kunahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Jirani yangu ametoa miaka kumi na moja, ambayo ni miezi 132. Katika mfuko hana hata mmoja. Akiendelea hadi afike miaka 60 atakuwa ametoa zaidi ya hiyo miezi 180 kwa mikono yake, na serikali ile ile aliyoifagilia itamkuta katika foleni ya wasiojiweza na kumhesabu kama mzigo. Mwenye kukopa siku moja moja haoni kwamba anakopa. Deni la namna hii hulipwa na watoto wa aliyekopwa.

Jioni moja jirani yangu alikuja na daftari la shule la mwanawe, lile la kurasa 80, limekunjika pembe.

"Shikamoo mzee. Naomba unijumlishie."

Lilikuwa na alama, siku kwa siku, tano tano zikifungwa kwa mstari wa kulala, kama walivyokuwa wakitia kwenye kipande. Alizianza mwaka wa pili wa kazi, alipopunjwa siku tatu na hakuwa na ushahidi. Tulikaa barazani, mimi nikihesabu, yeye akifunua kurasa. Kuna mahali alama zilikatika wiki tatu na siku kadhaa. Nikamtazama, akasema huyo ndiye mtoto wa mwisho. Tulipofika mwisho zilikuwa zimepita 2,900.

Akaniuliza daftari hilo lipelekwe wapi. Nilimweleza kuhusu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwamba madai yasiyo ya kuachishwa kazi hupewa siku 60 tangu mgogoro kuanza. Nilimweleza pia kwamba mtumishi wa umma hutakiwa kumaliza kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla hajafika huko. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Sasa mzee, mimi ni mtumishi wa umma, au si mtumishi?"

Nilimrudishia daftari. Akachukua kalamu yangu mezani, akafungua ukurasa wa mwisho, akatia alama ya siku ile.